Mahindi ya Tishari la Tatu

Tangu asubuhi mkaguzi alikuwa hakai wala hasimami. Meli ilitia nanga pale maji ya kahawia ya mto yanapoingia baharini, na ubavuni mwake yalifungwa matishari matatu, zile mashua bapa za mizigo, yaliyojaa mahindi pomoni. Kreni ilishusha kucha zake, ikakwapua, ikazunguka, ikamwaga ndani ya tumbo la meli. Kazi ya mkaguzi ilikuwa kuhakikisha hakuna kibovu kinachoingia humo. Wapakiaji walimwita Pua, maana kabla ya kupima unyevu kwa mashine, alinusa kwanza.

"Pua, usituhofie, leo tumeoga," mmoja alimtania alipokuwa akishuka ngazi.

Alicheka kidogo, macho yakiwa mawinguni. Mvua ilikuwa inajikusanya.

Tishari la kwanza lilikuwa safi, la pili vilevile. La tatu lilivutwa na boti ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa; dada huyo ndiye aliyemlea tangu wazazi walipofariki. Siku zote shemeji akifika humpigia honi na kumtania mpaka amnunishe. Leo alijifungia kwenye chumba cha usukani, anafuta kioo kisicho na vumbi. Mkaguzi alimtazama, akaona roho haimpi amani.

Kreni ilishaanza kulichota tishari hilo alipochoma bambo lake refu, chuma cha kutolea sampuli. Punje za juu zilikuwa kavu, zinachakacha kiganjani. Akachoma tena, chini zaidi. Zilizotoka safari hii zilikuwa na joto, na zilinuka kuchacha.

Akainua mkono. Kreni ikasimama hewani.

"Kuna nini tena?" mnyapara aliuliza kutoka juu.

"Chini kuna joto."

"Kwa jua la tangu asubuhi, kitu gani hakina joto? Huoni mvua hiyo?"

"Naiona. Tishari hili lisiguswe."

"Limeshaguswa, mama. Mengine yamo melini tayari."

Akachomoa bambo. Kabla hajajibu, shemeji alikuwa amevuka, amemshika kiwiko.

"Shemeji, njoo huku kidogo."

Walisimama nyuma ya tishari. Shemeji alisema kwa sauti ya chini kwamba kwenye kona ya mto waligonga gogo lililozama, maji yakapenya. Akayapiga pampu, akaziba, akafukua mahindi yaliyoloa, akasawazisha juu.

"Nilidhani nimeyamaliza."

"Ukaninyamazia."

"Kila nikifungua mdomo unakuwa mzito. Pitisha hili tu. Mle ndani mahindi hayana idadi, haya yatapotelea humo humo."

"Hayapotei, na unajua. Yatachemka, yataozesha ya jirani, na meli ikifika huko watu watakula sumu."

"Wakinifukuza, dada yako—"

"Usinitajie dada."

Kilichomtia hofu si ombi lenyewe. Ni kwamba alitamani kukubali, tena sana, na ulimi ulikuwa karibu kumponyoka. Akageuka, akapanda ngazi mbio mbio, akamwambia mnyapara na ofisa wa meli waziwazi: tishari la tatu limekataliwa, na yaliyokwisha kuingia yatolewe sasa hivi.

"Nani atashuka?" mnyapara akauliza.

"Mimi. Nipe beleshi na watu."

Mle chini vumbi lilikaba koo. Walizama hadi magotini, wakipapasa kwa viganja kutafuta joto, wakichota na kujaza ndoo zilizovutwa juu kwa kamba. Hakuna aliyetania. Baadaye ngazi ikatikisika, na shemeji akashuka na beleshi lake. Hakumtazama mtu. Akapiga magoti, akapapasa.

"Hapa bado," akasema. "Chimbeni hapa."

Wakachimba alipoonyesha. Matone ya kwanza yaliwakuta wakifunga ndoo ya mwisho, na mfuniko wa meli ukaanza kusukumwa wakiwa bado ngazini.

Shemeji alikwenda mwenyewe ofisini kwa waajiri wake, akaeleza. Wakamsimamisha kazi mpaka atakapohojiwa.

Jioni mkaguzi alikwenda nyumbani kwa dada yake. Dada alifungua mlango, akabaki kauziba.

"Ulishindwa kuniambia mimi kwanza?"

"Ungenikataza."

Dada alifikiri. "Ningekukataza," akakiri, akampisha.

Shemeji alikuwa kwenye kiti.

"Meli imeondoka?"

"Bado. Mvua."

Akainuka, akachungulia dirishani, akarudi kukaa.

"Kesho wataniita. Na wewe watakuita."

"Nitakuja."

"Utasema nini?"

"Nilichokikuta kwenye tishari. Na kwamba ulishuka mwenyewe kuyatoa."

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Dada akaleta viti viwili, akaviweka karibu na chake, lakini mkaguzi hakuweza kukaa. Alisimama pale pale kati ya chumba, nguo zimejaa vumbi la mahindi, akisikiliza mvua ikipiga bati.