Mshale wa Hamsini

Mjomba Kondo aliniita muongo mbele ya ukoo mzima kwa sababu ya mshale wa mwendo wa gari.

Nilikuwa nimetoka kuuza ndizi Mikese, nimerudi na karatasi ya trafiki mkononi. Pale Mikese mwisho wa mwendo ni hamsini. Tochi ya askari, ile ya kupima mwendo, ilinipiga hamsini na saba. Nikamweleza mjomba, watu wote wakisikia, kwamba mshale ulikuwa hamsini kamili na sikuuondolea macho.

"Kwa hiyo serikali ndiyo inasema uongo?" akauliza.

"Sijui nani anasema uongo. Mimi nimesema nilichokiona."

"Luqmani, wewe ni muongo. Lete ufunguo."

Watu wakacheka. Akamkabidhi ufunguo mwanawe, Hashimu, naye akaupachika kidoleni na kuuzungusha.

"Malenga," Hashimu akaniambia, "tungia basi shairi mshale wako."

Mgeni anaweza kudhani niliumia kwa ajili ya gari. Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama. Hashimu ni mtoto wa mjomba, lakini ukoo wake ni wa mama yake, wala ile kirikuu, pikapu yetu ndogo, si yake. Imenunuliwa na ukoo wetu, na siku mjomba akichoka, mpwa ndiye hukaa mahali pake, agawe mashamba na kuwasemea watu wake. Mpwa huyo ni mimi. Na mtu aliyeitwa muongo na mjomba wake mwenyewe hawezi kukaa popote.

Nililala na hasira, nikaamka nayo. Nilipokwenda kuitazama ile kirikuu ndipo nilipoona upumbavu wetu wote. Masika mjomba alifunga tairi kubwa, za gari jingine kabisa, ili tumbo lisigonge mawe ya njia ya Kinole. Kila mwenye kirikuu kule juu anafanya hivyo na kujiona fundi. Lakini mshale hauoni barabara. Unahesabu mizunguko ya gurudumu, basi, na umepangiwa gurudumu lile la kiwandani. Tairi kubwa ikizunguka mara moja inakwenda mbali zaidi, na mshale haujui. Gari likitoka kiwandani mshale huzidisha kidogo, dereva awe salama. Tairi zetu zilikuwa zimeimeza nafuu hiyo na kupitiliza.

Nikaenda kwake moja kwa moja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, muongo."

"Kesho kuna mzigo wa Mikese. Twende wote. Dada yangu Shamsia ashike simu yake, ina programu ya kupima mwendo kwa satelaiti. Tuone."

"Naendesha mwenyewe," akasema. "Usije ukaufinya mshale."

Kesho yake tukashuka Mkuyuni, tukatokea Bigwa, tukaingia lami ya Dar, sisi watatu tumebanana mbele, ndizi nyuma. Mjomba akaushikilia mshale pale pale kwenye hamsini.

"Hamsini na sita," Shamsia akasoma. "Hamsini na saba."

"Hiyo simu inajumlisha na kasi ya ulimi wako."

"Ingejumlisha na ulimi wangu, mjomba, tungekuwa Chalinze."

Mikese ikaanza kuonekana, na kibao cha hamsini. Nikamwambia apunguze mpaka mshale usome arobaini na tatu, mwendo wa kweli usipite hamsini.

"Arobaini na tatu ni mwendo wa jeneza."

"Punguza, mjomba."

"Hamsini ni hamsini!"

Askari akatoka kivulini na kunyoosha mkono. Alikuwa yule yule aliyeniandikia. Akalitazama gari, akanitazama mimi, akageuza tochi mjomba aione. Hamsini na saba.

"Leo dereva mwingine," akasema, "kosa lile lile."

"Afande, wallahi mshale ulikuwa hamsini!"

Yalikuwa maneno yangu, moja baada ya jingine, katika kinywa kilichonitukana. Shamsia akajifunika ushungi acheke. Mimi sikucheka. Damu ilikuwa inachemka hadi masikioni.

Askari alipokwisha kuandika, mjomba akaninyooshea ufunguo bila kunitazama.

"Shika, endesha. Yameisha."

"Hayajaisha."

"Nimekupa ufunguo!"

"Ulinipa jina kabla ya ufunguo. Jina hilo ulinipa mbele ya watu, utalifuta mbele ya watu wale wale. Hapa kando ya barabara, tukiwa na Shamsia na mikungu ya ndizi, sikubali."

"Mpwa anamwamrisha mjomba?"

"Mpwa anadai chake."

Nikateremka, nikaanza kutembea kurudi Bigwa. Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Ile kirikuu ikanifuata pembeni polepole, mjomba amechomoza kichwa dirishani, wauza mahindi wanatutazama.

"Panda!"

"Sipandi."

"Ndizi zitaiva humu barabarani!"

"Na ziive."

"Mama yako Raya atasema nini, nimemwacha mwanawe porini?"

"Atasema umezoea kunitupa."

Akafunga breki. Akaweka mikono yote juu ya usukani.

"Leo jioni," akasema hatimaye. "Pale pale. Panda sasa."

Nilipanda nyuma, juu ya ndizi, nikampa mgongo.

Jioni aliwaita wote, Hashimu akiwemo. Alisimama, akakohoa, akatazama milima kama ndiyo aliyoikosea. "Luqmani alisema kweli. Tairi nilifunga mimi. Mshale ulidanganya, yeye hakudanganya. Muongo si yeye." Akakaa, kisha akanyanyua tena kichwa. "Lakini ulimi wake mrefu."

"Huo ninao," nikajibu.

Hakuna aliyecheka. Nikawatazama waliocheka siku ile, mmoja baada ya mmoja, na sikumwacha yeyote mpaka alipoinamisha macho.