A ya Winfrida

Mkono wa Winfrida ulikuwa umezama ndani ya ng'ombe hadi kwenye kiwiko, na bado hakujua anashika nini.

"Miguu ya mbele au ya nyuma?" baba yake, Yoramu, aliuliza kutoka mlangoni mwa zizi.

"Ya mbele," alijibu. Alikuwa anabahatisha.

Ng'ombe alikuwa wa Bibi Dominika, jirani yao wa Kibosho, mjane asiye na ng'ombe mwingine. Asubuhi alipotaka kumpigia simu daktari wa mifugo, Yoramu ndiye aliyemzuia. "Daktari wa nini, na mwanangu yuko likizo? Huyu ana A ya uzalishaji!" A hiyo alishaitangaza kanisani na kwenye pombe ya mbege, hata Winfrida akaona haya kusema hawezi.

Na haikuwa A ya wizi. Alipoanza chuo cha mifugo pale Moshi mjini, Winfrida alikuwa mtu wa zizini. Alikamua, alizoa samadi, alijua kila ng'ombe na visirani vyake, akarudi bwenini ananuka na roho yake kwatu. Matokeo yalipotoka akaambulia C. Walioshinda maktaba wakikariri mitihani ya zamani walipata A.

"Zizini hakuna maksi, shosti," Gladys, mwenzake wa chumbani, alimwambia. "Unasaini mahudhurio, unasepa."

Yoramu aliiona ile C. Alichukua panga akaenda kukata majani, na kuondoka kule kulimuuma binti yake kuliko matusi. Basi somo la uzalishaji lilipofika, Winfrida akasaini, akasepa kwenda maktaba.

Sasa aliyoyakariri yalimjia yote: viungo vya mguu wa mbele hukunjika upande mmoja, vya mguu wa nyuma hupishana. Kwenye karatasi alipata maksi zote. Vidole vyake havikuwahi kuulizwa.

Akaisukuma ile miguu ndani, akaanza kutafuta kichwa. Alitafuta mpaka bega likafa ganzi. Ng'ombe alikoroma, akapiga magoti, kisha damu ikaja, nyingi, ya moto, ikamfuata mkononi.

"Mwite daktari, baba," alisema huku analia. "Mwite sasa hivi."

Daktari alifika akamkuta ng'ombe amekwisha kufa. Alimvuta ndama aliyekufa kwa miguu ya nyuma. Ndama alikuwa amekuja kinyumenyume, na kichwa ambacho Winfrida alikitafuta kilikuwa mbali huko ndani.  Bibi Dominika aliokota mzigo wa majani aliokuwa amemkatia ng'ombe wake, akautoa nje.

Kesho yake Yoramu alikata jani la isale kwenye ua, akalifunga fundo kama wafanyavyo Wachagga wanapokwenda kuomba msamaha.

"Nitakwenda mimi," alisema bila kumtazama. "Mdomo ulikuwa wangu."

"Na mkono ulikuwa wangu, baba. Nipe."

Bibi Dominika alimkuta Winfrida amesimama langoni, kucha bado zina weusi wa damu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Aliliona lile jani. Anayeletewa isale hakatai, hilo wote wawili walilijua. Nyuma ya bibi ndoo ya kukamulia ilikuwa imeoshwa na kufudikizwa juu ya mti wa uzio. Winfrida alimnyooshea jani kwa mikono miwili, na mikono ya bibi ikabaki ndani ya khanga.