Njia ya Kupita Kwangu

Mimi si mtu wa kubembeleza wageni, lakini siku kamati ya shule ilipokuja kukagua njia nilifagia tangu alfajiri. Watoto wetu hapa Muleba hutembea pembeni mwa barabara kuu, na malori hayamjui mtoto. Kamati ilitafuta njia ya ndani, na kibanja changu cha migomba kinakatiza moja kwa moja hadi shuleni. Niseme wazi: nilitaka wapite kwangu. Tangu mke wangu Anatolia afariki, siku nzima huisha bila mtu kuniita jina.

Nilitandaza nyasi mbichi njia nzima, kama tunavyotandaza sebuleni siku ya Krismasi. Mwalimu Joanitha, aliyeshika ramani, alikanyaga akacheka, akaniita kwa heshima ya Kihaya.

"Ta Buberwa, hii ni njia au zulia?"

"Pita tu, mwalimu. Zulia la maskini haliogopi tope."

Jirani yangu Evarist alisema njia ya kwake ni ndefu, tena ina mlima. Sikumbishia hata kidogo. Joanitha akachora mstari kupita kwangu, kisha akauliza, kwa upole ule ule wa Kihaya, alichouliza kila nyumba:

"Masika maji hupita wapi, waitu?"

Hatua kumi mbele, chini ya zile nyasi, kuna korongo. Kila mwaka huwa tunalijaza nyasi na majani ya migomba ili udongo usiondoke, na mgeni huona tambarare. Aprili maji huja kwa kishindo. Anatolia, mzaliwa wa hapa hapa, aliteleza pale akavunjika nyonga, na hakuinuka tena. Mtoto wa darasa la kwanza je?

Nilimkasirikia mwalimu kwa swali lake. Kisha nikachukua jembe, nikavuta nyasi mpaka shimo likaonekana.

"Hupita hapa."

Hakuna aliyecheka. Joanitha alifuta ule mstari, akanishukuru kwa mikono miwili, wakavuka mpaka wa shamba kwenda kwa Evarist. Chai niliyowapikia niliinywa peke yangu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nakata majani makavu ya migomba. Ng'ambo ya mpaka nikasikia sauti nyingi ndogo kwa pamoja:

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba!" nikaitikia kwa nguvu zangu zote.

Ndipo nikamsikia Evarist naye akiitikia.