Kiungo cha Nani?

Goti liligoma. Daktari wa mazoezi, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, alilishika kwa mikono miwili, akalisukuma taratibu. Likaenda kidogo kama mlango uliovimba kwa mvua, kisha likakwama. Alijaribu tena. Sumaku, aliyelala chali kwenye kitanda chembamba cha kliniki, aliuma kola ya fulana yake ili asipige kelele.

"Umekuwa ukilikunja kila siku kama nilivyokuagiza?"

Mama mtu alikaa na pochi mapajani, macho kwenye sakafu. Baba mtu, fundi seremala, alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nauliza tena. Mguu huu mmeufanya nini?"

"Tumeutuliza," baba alisema, tena kwa fahari. "Nimemtengenezea vibao mwenyewe. Vimekaa sawasawa, havikuacha nafasi hata ya sindano."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile aliyotoka kupasuliwa."

Daktari akatupa taulo kwenye ndoo. "Mzee wangu, goti lililoshonwa likiachwa bila kukunjwa, huko ndani linashikana. Kovu linaota, linakaza. Sasa mnisikilize vizuri. Kuanzia leo, asubuhi na jioni, mtu mwenye nguvu alikunje, akilia asilie. Mkichelewa tena, hata ngazi atapanda kwa kuburuta mguu. Mpira ndio asahau kabisa."

Asahau. Sumaku aliposikia neno hilo aliitema kola kwa hasira. Hakumkasirikia daktari. Aliwakasirikia wale wawili waliomzaa, na alijikasirikia yeye mwenyewe kuliko wote.

Nyumbani kwao neno kiungo lilikuwa na wenyewe wengi. Baba alikuwa bingwa wa viungo vya mbao. Meza zake hazikujua msumari, ulimi wa ubao mmoja uliingia kwenye tundu la mwingine na hapo pakawa pamekwisha. Mama alipika kwenye kantini ya ofisi moja kubwa na kila mwisho wa wiki alitwanga viungo uani, nyumba nzima ikapiga chafya. Na Sumaku, waliyempa jina hilo kwa jinsi mpira ulivyomnasa mguuni, alikuwa kiungo wa timu ya wanawake, namba nane, yule wa katikati anayepokea kwa mabeki na kupeleka mbele. Basi mezani mtu akisema, "Leo kiungo kimenitesa," wengine wawili humwuliza kwa pamoja, "Cha nani?" Walicheka kila mara, miaka nenda miaka rudi, hata utani wenyewe ulipochakaa.

Tangu alipoumia hakuna aliyeuliza tena. Kila mtu alijitwalia chake. Kocha alikuja na mfuko wa machungwa, akasema timu bila kiungo ni mwili bila kichwa, kwa hiyo apumzike vizuri, majaribio ya timu ya taifa yanakuja. Mama alikaanga viungo vya moto kwenye mafuta, akamsugua goti mpaka ngozi ikawaka. Na baba, siku ya pili ya mazoezi ya goti, alimsikia mwanawe akipiga yowe chumbani, akaingia na randa bado mkononi.

"Acha! Nani kakutuma ukisumbue kiungo?"

"Daktari kasema nikikunje, baba."

"Daktari! Mimi nimekula chumvi nyingi kwenye kazi hii. Kiungo kikishaunganishwa hakiguswi mpaka kishike. Ukikitikisa mapema umeshakiua."

Kwenye karakana yake hiyo ilikuwa sheria. Akishapaka gundi na kuunganisha kiti, hukizungushia mikanda ya mpira aliyoikata kwenye tyubu za baiskeli, akakisukuma kwenye kona, na ole wake atakayekigusa. Kuna mteja aliyekaa kwenye kiti kabla ya siku yake. Fundi alimnyanyua kwa ukosi na kumtoa nje. Jioni ile alipima mguu wa binti yake kwa kamba, akapasua vibao viwili vyepesi, akavipiga msasa mpaka vikawa laini kama shavu la mtoto, akaufunga mguu kwa mikanda ile ile ya mpira. Na maumivu yakatulia. Hapo ndipo palipomuuma Sumaku kuliko pengine pote: alifurahi. Alimshukuru baba yake, akalala usingizi wa pono. Simu za kliniki zilipolia, mama alisema mgonjwa anaendelea vizuri.

Kutoka kliniki walirudi bila kusemezana. Walipoingia ndani, mama akaelekea jikoni.

"Ngoja nikuchemshie supu yenye viungo, mwanangu, itakulainisha..."

"Sitaki supu!" Sumaku alitupa gongo moja la kutembelea sakafuni. "Sitaki supu, sitaki kusuguliwa, sitaki machungwa ya kocha! Nilikuwa na kazi moja tu ya kufanya, mkaninyang'anya! Na wewe mama ulijua. Ulikuwa unawadanganya kwenye simu, huku unaniangalia usoni!"

Mama aliketi pale pale kwenye kigoda. "Nilikuwa sivumilii kukusikia ukilia," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi utanisikia sasa. Nikunje."

Mama alijaribu. Alishika kifundo cha mguu na paja kama walivyoonyeshwa, akasukuma, Sumaku akaguna, na mama akaachia. Alijaribu mara ya pili, akaishia kulia. Uani, kutoka karakana, ilisikika nyundo ya mbao ikipiga bila mpangilio.

Sumaku aliokota gongo lake, akatoka. Alimkuta baba yake akivivunja vile vibao. Kipande kilikuwa kimerukia kwenye pipa la taka, kingine alikuwa amekibana kwenye jiliwa, anakitwanga mpaka nyuzi za mbao zinachomoza.

"Kanidhalilisha yule mwanamke," baba alisema bila kugeuka. "Anifundishe viungo, mimi!"

"Baba, hii si meza."

"Najua si meza!"

"Hujui! Ungejua usingenifunga kwa mipira ya baiskeli! Meza inakaa, baba. Ukishaimaliza inakaa pale pale mpaka ife. Mimi nacheza katikati. Nikisimama, timu nzima imesimama. Umewahi kuja kuniona uwanjani? Hata siku moja?"

Nyundo ikatulia. Hakuwahi kuja. Kila mara palikuwa na kabati la mtu la kumalizia.

"Nilitaka kikae imara," alisema.

"Kimekaa! Hongera! Sasa njoo ukikunje."

Fundi aligeuka kwa mara ya kwanza, na uso wake ulimshtua binti yake, kwa sababu hasira ilikuwa imemtoka, kilichobaki kilikuwa woga mtupu. Mtu aliyebeba milango ya mninga peke yake alikuwa anaogopa goti.

"Siwezi. Sijawahi kulazimisha kiungo kilichoshika. Kitapasuka mikononi mwangu."

"Ukiunganisha vibaya unafanyaje? Unakitupa kiti?"

"Unakifungua," baba alisema. "Maji ya moto. Unakiloweka kwa matambara mpaka gundi ilegee, halafu unakivuta. Kidogo kidogo. Hukipigi nyundo."

"Sasa?"

Baba aliangalia nyundo mkononi mwake kana kwamba ameiokota njiani, akaiweka. Akawasha jiko, akabandika birika. Alifagia maranda juu ya meza yake ya kazi kwa kiganja, akatandika koti lake, akamnyanyua binti yake na kumlaza pale ambapo viungo vyote vya nyumba ile na vya nusu ya mtaa vilikuwa vimeunganishwa. Mama alikuja akasimama mlangoni. Safari hii hakuondoka. Matambara ya moto yalizungushwa gotini, yakabadilishwa, yakazungushwa tena, mpaka ngozi ikawa nyekundu na jasho likamtiririka Sumaku shingoni.

Kisha baba akashika. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama gome, lakini alipoanza kusukuma alisukuma kwa kusikiliza, kichwa kimeinama, kama anavyofanya akitafuta ulimi wa ubao ulipokwamia. Goti likaenda. Likakwama. Akasukuma. Ndani ya goti kitu kikalia, na Sumaku akapiga yowe lililowatoa majirani nje.

Baba akaachia, mikono juu. "Basi! Basi, binti yangu. Kesho."

"Nani kakwambia uache?"

"Kiungo kinalia, mwanangu, mimi siwezi..."

"Cha nani?" Sumaku alimkamata kiganja, akakirudisha gotini kwa nguvu zake zote, machozi yakimchuruzika mpaka masikioni. "Kiungo cha nani, baba?"

Hakuna aliyecheka.

"Chako," baba alisema.

"Basi kunja."

Akakunja.