Rangi Sita za Mama Tabita

Jumanne, saa nne asubuhi, Tabita alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Akakohoa, na upinde wa mvua ukamtoka mdomoni, ukatua ukutani, juu kidogo ya kamba ya nguo. Ulikuwa mpana kama kitenge kilichokunjwa mara mbili. Ulikaa kama dakika mbili hivi, ukafifia. Tabita akaokota jiwe kwenye maharage, akalitupa.

Binti yake Alinanuswe alikuwa akianika foronya, akaona. Alikuwa dokta, si wa kutibu watu, wa kemia. Miaka thelathini na moja alichunguza salfa tu, jinsi molekuli zake zinavyomeza mwanga na kuacha alama. Sasa alikuwa amestaafu, amerudi Tunduma kwa mama yake, nyumba ya nyuma ya bohari ambako malori hushusha salfa ikisubiri kuvuka kwenda Zambia. Unga wake wa manjano ulilala juu ya bati, juu ya majani ya mgomba, na juu ya zile foronya.

"Mama, imeanza lini?"

"Kikohozi au rangi?"

"Rangi."

"Tangu tuvune mahindi. Kikohozi ndicho cha zamani."

Akakohoa tena. Alinanuswe akasogea ukutani, akahesabu kwa kidole: nyekundu, chungwa, njano, kijani, bluu, nili. Pale pa zambarau palikuwa na pengo jeusi lililonyooka. Alilijua pengo lile kama mtu anavyomjua ndugu yake kwa mwendo. Ilikuwa salfa, na ilikuwa kifuani mwa mama yake. Jioni ile akaandika barua kuomba bohari ihamishwe kabla kifua hicho hakijaziba.

Sasa, kazi ya maabara ina utaratibu wake. Kabla hujapima kilichochafuka unapima kisafi, halafu unakitoa hiki kwenye kile. Kwa hiyo Alinanuswe akatafuta pumzi safi. Jirani yao Sadoki, fundi baiskeli, akakohoa: pengo. Mke wa Sadoki akakohoa: pengo. Akaomba aende, ana ugali jikoni. Shangazi Ruti akateremka kutoka Mbebe, mbali na bohari, na debe la viazi. Jumatano alitoa rangi saba kamili. Alipoombwa kurudia Ijumaa, zilikuwa sita.

"Basi nimeshakuwa mwenyeji," akasema Ruti, akaenda kumenya viazi.

Ndipo Alinanuswe akakumbuka chupa. Kila likizo alikuwa akijaza hewa ya ua huu kwenye chupa ya kioo, anaiziba kwa nta, anakwenda nayo maabara. Wenzake walitumia hewa safi ya mitungi. Yeye aliona hakuna hewa safi kuliko ya nyumbani. Hiyo ndiyo aliyoitoa kama kisafi kwenye kila kipimo, miaka yote. Chupa ya mwisho ilikuwa bado kabatini, imefungwa kwenye leso. Akaifungua juani. Ukutani zikatokea sita.

Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Akajaribu kuhesabu ni vipimo vingapi, akapotea, akaanza tena moja. Hakujua kama amekosea kazi yote au nusu. Hakuwa na hakika hata kama utotoni aliwahi kuiona zambarau, au aliambiwa tu shuleni.

Wiki iliyofuata, kwa ajili ya ile barua, akaja afisa wa mkoa kutoka Vwawa, Gibson, kijana mwenye adabu na viatu vilivyong'arishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo, usizibe ukuta."

Tabita akakohoa. Gibson akaupima upinde kwa futi kamba, akaandika urefu na upana. Kisha akatoa karatasi kwenye faili.

"Dokta, bohari ilipewa kibali kwa utafiti huu. Unasema hewa ya hapa haina salfa."

Juu ya karatasi palikuwa na jina la Alinanuswe.

"Nilikosea. Nilitoa hewa ya hapa kwenye hewa ya hapa."

"Ikabaki ngapi?"

"Sifuri."

"Ndiyo iliyoandikwa," akasema Gibson kwa upole. "Unaweza kuandika upya. Ila ulete hewa safi ya kulinganishia, na iwe ya hapahapa. Fomu inataka hivyo."

Akamaliza chai yake. Mlangoni akakohoa, akazitazama rangi zake ukutani, akaaga.

Mwezi uliofuata mwalimu wa darasa la tatu akaleta wanafunzi wake, kwa kuwa shuleni hapakuwa na picha ya upinde wa mvua. Wakakaa chini, madaftari magotini. Tabita akakohoa. Wakahesabu kwa pamoja, wakafika sita.

"Ni saba," akasema Alinanuswe.

"Ya saba iko wapi, Dokta?" akauliza mwalimu, naye alitaka kujua kweli.

Alinanuswe akasimama, akaweka kidole kwenye pengo. Watoto wakalitazama kwa heshima, kisha wakaandika sita. Nyuma ya ukuta lori likarudi kinyumenyume, likaanza kushusha.

"Sogea, mwanangu," akasema Tabita. "Unawaziba."

Alinanuswe akasogea. Tabita akakohoa tena, taratibu, ili wa nyuma nao waone.