Vidude Viwili, Jina Moja

Taa ya simu ya tatu ilipowaka kwenye kisanduku, ile ya upande wa pili nayo ikawaka. Uwamwiza akazima, zote mbili zikazimika. Akajaribu ya nne. Vilevile.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni mwa atelier ya Placide, karakana yake ya umeme pale mjini Baraka karibu na soko, kila mtu na simu yake, wakitaka kuona kisanduku cha kuchajia alichounda Uwamwiza, ambacho Placide, patron wao, alikuwa amekisifu wiki nzima. Kikifanya kazi, kingepelekwa bandarini Kazimia, na Uwamwiza ndiye angekisimamia. Placide mwenyewe alimwahidi. Kule Kazimia mama yake alikuwa anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, peke yake, magoti yamemchoka, na alikwisha kumtandikia kitanda.

"Dada, pengine ulichoka," Rosette alisema polepole. "Tubaambie barudiye kesho."

Rosette huyu, mwenzake wa kazi, ndiye aliyempokea Uwamwiza aliposhuka kutoka Lubondja na cheti chake cha shule ya msingi tu. Walikula sahani moja, walilalia mkeka mmoja.

Uwamwiza alichukua bisibisi. Alifungua kifuniko. Ubongo wa kisanduku, kile kidude kinachotoa amri, ulikuwa na miguu michache, haikutosha simu zote zile. Ndiyo sababu alikuwa ameongeza vidude viwili vyeusi, kila kimoja na miguu kumi na sita ya kuwashia na kuzimia, vyote vimeshikizwa kwenye nyaya mbili tu zinazotoka kwa ubongo. Ubongo unaita jina kwenye nyaya. Mwenye jina anaitika, mwenzake ananyamaza. Na jina unalitoa kwa miguu mitatu ya pembeni. Cha kwanza aliifunga yote kwenye masi, upande wa hasi. Cha pili, mguu mmoja aliufunga kwenye plus, upande wa chanya, kikapata jina lake.

Sasa ule mguu ulikuwa umehamishiwa masi. Vidude vimekuwa ndoi, jina moja ndani ya nyumba moja. Ukiita mmoja, wote wanakuja.

Jana jioni taa zote zilikuwa zinatii. Na mguu ule alikuwa amemwonyesha mtu mmoja tu.

"Rosette," akasema bila kuinua macho, "huu muguu, ni we?"

"Muguu gani?"

"Ule nilikuonyesha, ukacheka, ukasema kumbe hata kidude kinabatizwa."

Rosette alivuta pindo la kitenge chake, akaliachilia.

"Si mi nilitaka. Patron njo alinituma. Alisema we ukienda Kazimia, hapa nani atafanya soudure, kuunga hizi nyaya? Akasema mi niende, we ubakie unatengeneza."

"Na we ukakubali."

"Ningesema nini?"

"Ungeniambia."

Placide alikuwa amesikia. Akasogea, uso wa upole kama wa baba.

"Usikasirike bule, mutoto yangu. Nilitaka batu baone haiko tayari, ubakie kidogo. Mukono kama wako nitatoa wapi?"

Alisema kama mtu anayesifu. Hapo ndipo palipomchoma Uwamwiza kuliko yote.

Alichukua chuma cha moto, akayeyusha risasi, akaurudisha mguu kwenye plus. Akawasha taa ya tatu. Ya upande wa pili ikabaki giza.

"Hee," mama mmoja akasema mlangoni, "hii mashini iko na adabu kushinda bwana yangu." Watu wakacheka.

"Unaona?" Placide akasema. "Njo maana siwezi kukuachilia."

"Bachajie simu zabo, patron." Uwamwiza alifuta chuma, akakiweka mbele ya Placide, akatoka.

Kesho yake, boti ya Kazimia ilikuwa imejaa magunia ya unga wa muhogo. Rosette, aliyetumwa na patron, alikuwa amekwisha kukaa, kisanduku mapajani, amekifunika kitenge. Alipomwona Uwamwiza akipanda, alisogea, akampa nafasi.

"Dada, kule utafanya kazi gani?"

"Nitauza ndagala na mama."

Rosette alikaza mikono juu ya kisanduku. "Na hii ikiharibika?"

Uwamwiza aliitazama ile nafasi kwenye ubao wa kukalia.

"Uliza patron," akasema, akapita, akaketi juu ya gunia, mgongo kwa Rosette.