Mdhamini wa Hakimu

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, hakimu wa mahakama ya wilaya aliketi kwenye benchi nje ya chumba cha usaili, bahasha ya vyeti mapajani. Alikuwa amesikiliza kesi kwa miaka ishirini na miwili. Sasa aliomba ujaji. Tangazo lilimtaka kila mwombaji aje na mdhamini wa kumsemea, naye alimsubiri karani wake wa zamani, aliyeahidi kufika.

Karani alifika saa tatu kamili. Alikuwa amefariki wiki tatu nyuma kwa ugonjwa wa figo. Mlinzi wa mapokezi alimwomba apanguse udongo wa viatu, akampa daftari la wageni asaini.

"Pole kwa safari," hakimu alisema.

"Si mbali, mheshimiwa. Nimechelewa?"

"Hapana. Ndiyo kwanza wanatuita."

Ndani walikuwa wajumbe watano. Mwenyekiti, jaji mstaafu, alifungua kwa sala. Wajumbe waliitikia kwa pamoja. Hakimu aliinamisha kichwa kwa heshima, ila hakuitikia, kwani sala ile haikuwa ya dini yake. Mjumbe wa kushoto aliandika kitu kifupi.

"Marehemu, karibu," alisema mwenyekiti. "Unamfahamu vipi mwombaji?"

"Nilikuwa karani wake miaka kumi na minne. Faili halikuwahi kupotea mikononi mwake. Akikupangia hukumu tarehe fulani, tarehe hiyo unaipata. Mdogo wake mwenyewe alishtakiwa, naye mheshimiwa akajitoa kwenye kesi asubuhi ileile."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali.

"Umezikwa makaburi yapi?"

"Ya ng'ambo ya reli."

Wajumbe walitazamana. Mji ulikuwa na maeneo mawili ya makaburi, na kila mtu alijua nani huzikwa wapi.

"Kwa hiyo mko dini moja, wewe na mwombaji."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na wafu wetu sisi wengine huwa mnawaona huko?"

"Tunawasikia. Reli inayotutenganisha iko juu ya ardhi tu."

Mjumbe wa kushoto aliandika tena, safari hii mistari miwili. Kisha mwenyekiti akamgeukia hakimu, akavua miwani.

"Miaka minane iliyopita nilikupigia simu."

"Nakumbuka. Nilikata."

"Ulinikatia mimi."

"Shemeji yako alikuwa na kesi mbele yangu, mheshimiwa. Ulianza kulitaja jina lake."

"Nilitaka kukujulia hali tu."

Hakimu aliinyoosha bahasha mapajani. Mwenyekiti aliandika huku akisema kwa sauti ya chini, kama anayejisomea imla: hana moyo wa kushirikiana. Halafu akawashukuru wote wawili, marehemu kwa namna ya pekee.

Kwenye ngazi karani alisimama kupumzika, ingawa alikuwa hapumui.

"Nimekuharibia, mama."

"Hujaharibu. Ulisema kweli."

"Ningekaa kimya kuhusu makaburi."

"Wangeuliza nyumbani kwako."

Hakimu alimsindikiza mpaka relini, wakaagana kwa kushikana mikono.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Tume ilimpongeza kwa utumishi wake na kwa kuwa na mdhamini mwaminifu kiasi kile. Nafasi alipewa mpwa wa mwenyekiti, wakili kijana ambaye hakuwahi kusikiliza kesi hata moja, ila alisali safu moja na mjomba wake. Mume wa hakimu aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaenda kuchemsha chai. Fomu za maombi za mwaka uliofuata zilikuwa na mstari mpya: Kama mdhamini ni marehemu, taja makaburi.

Hakimu hakujaza fomu hiyo. Mapema kabla ya hapo, jaji mpya alipomaliza mwezi wake wa kwanza kazini, alikuja ofisini kwa hakimu mchana, amebeba mafaili mpaka kidevuni, akaomba kufunga mlango.

"Shikamoo, mama. Sijui pa kuanzia."

Macho ya kijana yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Mezani kwa hakimu mwenyewe palikuwa na kesi sita za siku ile.

"Marahaba. Humo kuna walioko rumande?"

"Wapo wawili. Mmoja ana mwaka wa tatu."

Akamsogezea kiti, akavuta faili la juu.

"Basi tuanze na huyo."